Hatua Sifuri

Nitaanza na mguu wake wa kulia, kwa sababu mguu huo ndio unaonitia hasira kuliko kitu kingine chochote duniani, kama hapa ni duniani. Ni mguu mzuri. Nimeukanda kwa mafuta ya nazi miaka kumi na moja, kila aliporudi kutoka Nyumba ya Usomaji akilalamika kwamba visigino vinamwaka. Sasa umesimama kando ya meza ndefu, unyayo umebandikwa sakafuni, na hauendi. Haukuvunjika. Haukupooza. Hauendi kwa sababu haujaambiwa uende. Mnisamehe nikianza bila salamu. Salamu zangu nimezimaliza kwa wakubwa.

Jina langu ni Zamoyoni. Mume wangu ni Makungu, Msomaji wa daraja la kwanza katika mji ambao sitautaja, maana wenyewe umesahau kujitaja. Katika mji huu kila neno ambalo mtu anamwambia mwenzake aliye mbali hufungwa kifurushi, na kila kifurushi hupita Nyumba ya Usomaji kabla hakijafika kwa mwenyewe. Ndani ya kifurushi mna utepe mrefu wa karatasi. Utepe hukunjuliwa juu ya meza inayoanzia mlango wa mashariki na kuishia mlango wa magharibi, na Msomaji hutembea kando yake akiusoma kwa sauti na kunakili kila sehemu katika daftari. Hausomi kwa kuwa ameandikiwa yeye. Anausoma ili wakubwa wajue. Wajue nini? Niliwahi kuuliza, nikaambiwa kwamba wanaojua kwelikweli hawaulizwi nini. Mimi kazi yangu ni kufunga upya. Nasimama mlango wa magharibi, napokea utepe uliokwisha kusomwa, naukunja kwa mikunjo yake ile ile, nafunga fundo lile lile alilofunga mwandishi, ili mwenye barua asijue kwamba macho mengine yametangulia. Anajua. Wote wanajua. Lakini fundo likiwa zuri mtu anaweza kujitia hamnazo na kuendelea kuishi, na mimi nilikuwa fundi mzuri sana wa mafundo.

Sasa sikilizeni namna wanavyosoma, kwa sababu balaa lote limo humo. Watu hawaandiki kwa mpangilio mmoja. Kuna anayejaza utepe pomoni, kuna anayechora ua katikati, kuna anayeacha nafasi nyeupe ili msomaji wake apumue. Kwa hiyo Nyumba iliweka desturi: mwandishi aweke tarakimu katika kila sehemu, kueleza ni hatua ngapi kutoka mwanzo wa sehemu hiyo hadi mwanzo wa sehemu inayofuata. Msomaji anasoma, ananakili, anatazama tarakimu, anapiga hatua hizo, anasimama, anasoma tena. Hatua za Wasomaji hupimwa kwa kamba tangu wanapoajiriwa, zote sawa. Na siku ya kuajiriwa huvua viatu, hukanyaga Kitabu cha Kanuni kwa miguu mitupu, na kuapa kwamba Msomaji hapigi hatua ambayo barua haikumwambia. Si moja, si nusu. Siku Makungu alipoapa nilipiga vigelegele. Huo mdomo nao nina hasira nao.

Maana siku hiyo hiyo, vigelegele vilipotulia, nilimwuliza Mkuu wa Meza, Bwana Ngoda, mtu mwenye sauti laini na kucha safi: "Na barua ikisema sifuri, Bwana Mkubwa?"

Wakacheka wote, na Makungu wangu akacheka pamoja nao, kidogo, kwa adabu.

"Shemeji," akasema Bwana Ngoda, "sifuri si hatua. Nani ataandika kwamba haendi?"

Nikaliandika swali kwenye karatasi nikalipeleka ofisini. Likarudi limepigwa muhuri: Imepokelewa. Basi. Miaka kumi na moja limepokelewa.

*

Kifurushi kilikuja saa sita mchana. Nina hakika ilikuwa saa sita kwa sababu mpaka sasa ni saa sita. Saa ya mji wetu imefungwa pale mlango wa magharibi. Kila barua inapotoka, nagonga muhuri, na saa inasogea. Barua zisipotoka, jua linabaki pale pale utosini. Vivuli vyote viko chini ya miguu ya wenye vivuli. Maharage chunguni hayaivi wala hayaungui. Lakini ndevu zinaota. Njaa inauma. Mwili hauna muhuri wa kuungoja, unakwenda zake, unazeeka ndani ya adhuhuri moja, na sijaona dhuluma inayozidi hiyo.

Ulikuwa utepe wa kawaida, mwandiko wa mama mtu mzima, herufi kubwa zilizoinama upande mmoja. Sehemu ya kwanza ilikuwa salamu, hatua nne. Makungu akasoma salamu, akaenda nne. Sehemu ya pili ilikuwa habari za paa lililoezuliwa na upepo, hatua tisa. Akasoma, akaenda tisa. Sehemu ya tatu ilikuwa na maneno manne na tarakimu moja.

Habari za baba yako. 0.

Akasoma, "Habari za baba yako." Akanakili. Akatazama tarakimu. Akapiga hatua sifuri. Akasimama pale alipofika, ambapo ni pale alipokuwa, akainamisha macho kutafuta sehemu inayofuata, akaikuta. Akaisoma.

"Habari za baba yako."

Nilidhani ameusahau mstari. Halafu nikadhani anatania, ingawa Makungu hana utani kazini. Mara ya kumi nikaacha kuukunja utepe uliokuwa mkononi mwangu. Mara ya mia nikamwita jina lake, jambo lisiloruhusiwa. Hakugeuka. Kwa nini ageuke? Hakuwa na kosa. Kila kitu alichokifanya kilikuwa sahihi, kila mara kilikuwa sahihi, na kila mara alikifanya kwa moyo ule ule, kwa sauti ile ile ya kuanza jambo jipya. Hicho ndicho kilichonivunja. Hakujua kwamba alikwisha kuwa hapo. Kila sehemu kwake ilikuwa sehemu inayofuata.

Barua haiipiti barua. Wasomaji wanaingia kwa zamu, mmoja nyuma ya mwingine, na mbele yao wote amesimama mume wangu. Vifurushi vikajaa mlango wa mashariki, vikapanda ukuta, vikaziba dirisha. Upande wa magharibi watu wakapanga foleni kungojea habari za watu wao.

*

"Bwana Ngoda, mume wangu amesimama."

"Hajasimama, shemeji. Anasoma."

"Anasoma mstari mmoja."

"Basi si anasoma?"

Alikuwa na Jedwali la Madhara mezani. Akalifungua kwa zile kucha zake, akaanza kujiuliza na kujijibu. Siri imevuja? Haikuvuja. Maandishi ya Nyumba yamechezewa? Hayakuchezewa. Huduma imesimama? Hapo akachungulia ukumbini, sauti ya Makungu ikatufikia, habari za baba yako, habari za baba yako, akaguna. "Huduma imesitasita," akasema, akatia alama ndogo. Akajumlisha. "Madhara ya wastani."

"Wastani?"

"Usiogope. Kilichosimama ni huduma tu."

"Hiyo huduma ina jina," nikamwambia. "Ina kovu kwenye goti la kushoto. Haiwezi kunywa chai bila mchaichai. Ikilala chali inakoroma, ukiigusa bega inageuka yenyewe bila kuamka. Midomo yake imepasuka, Bwana Ngoda. Inatoka damu. Mwende mkaione huduma."

"Elewa, shemeji. Nasikitika kama wewe." Akalifunga Jedwali. "Tutaongeza karatasi."

Naapa walifanya hivyo. Mume wangu alikuwa amejaza madaftari mia tatu kwa mstari mmoja, na wakubwa wa Nyumba ya Usomaji, watu wenye viti vya mito, wakaona tatizo ni daftari. Wakaleta karatasi kwa mikokoteni. Akajaza hizo. Wakatoa meza za ofisi ili madaftari yapate pa kukaa, wakatoa kabati, wakawatoa makarani wenyewe nje wakaandikia juani. Nyumba nzima ikajaa habari za baba ambazo hazikuwamo.

Na walipochoka kuleta karatasi wakaanza kutafuta adui. Nani ametuma kifurushi hiki? Ana kinyongo gani na Nyumba? Amefundishwa na nani? Wakaunda kamati ya adui. Hawakuunda kamati ya mguu.

*

Nasema peke yangu sasa, maana hakuna anayenisikiliza.

Ninyi mliomfundisha mtu kutembea mkasahau kumfundisha kusimama.

Mchukuzi aliibeba barua hii kutoka nchi ya mbali, ikamgonga mgongoni siku nzima, haikumfanya kitu. Mbwa aliinusa. Mvua iliilowesha. Haikumdhuru yeyote aliyeipitisha bila kuifungua. Imemdhuru yule mmoja aliyelipwa kuchungulia. Ningecheka, kama asingekuwa wangu.

Na je, mtu anayeishi kwa kusoma maisha ya wengine, lini anaishi? Niliwahi kumwuliza Makungu swali hilo, tukiwa tumekaa barazani. Akafikiri, kisha akasema, "Kati ya barua na barua." Sasa hakuna kati.

Hasira yangu si ya mke tu. Nina hasira ya fundi. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga mafundo. Barua ngapi zilipita mikononi mwangu zimekwisha kuvuliwa nguo, nami nikazivisha, nikazitengeneza kola, nikazipeleka kwa wenyewe nikitabasamu? Ningelegeza fundo moja tu katika miaka kumi na moja, mtu angelalamika. Pengine wawili. Sikulegeza hata moja.

*

Katika foleni ya magharibi watu walianza kuchanganyika. Mtu asipopata habari za kwao muda mrefu hupoteza ncha ya kujishikia. Nilimwona mzee akiitikia jina la jirani yake, na jirani akamtazama, kama mtu aliyeibiwa kofia asiyekumbuka kama alikuwa nayo. Mwanamke mmoja tu alikuwa bado amejishika barabara. Alikuwa fundi wa vyandarua, sindano imechomekwa kwenye ukosi wa gauni, na alikuja hadi mlangoni akanigusa mkono.

"Dada, samahani. Naitwa Sikudhani. Nangoja barua ya mama yangu. Nasikia huko ndani wanasoma, 'Habari za baba yako,' na sauti haiendi mbele. Ile ni barua yangu. Mama ndiye huandika vile."

Nilimtazama nikitafuta adui usoni mwake, nakiri. Nilikuta usingizi wa siku nyingi.

"Mama yako ana ugomvi gani na sisi?" nikamwuliza.

"Ugomvi? Mama hata Nyumba hii haijui. Baba aliondoka, mwaka wa saba huu, hana barua hana salamu. Mama hawezi kuandika bila kumtaja. Basi anaandika, 'Habari za baba yako,' kisha anaacha patupu, hatua tano, sita. Anamwekea nafasi. Ili siku akipata la kusema, pawepo pa kulisemea."

"Safari hii hakuacha nafasi," nikasema. "Safari hii ameandika sifuri."

Nilisema bila kufikiri. Nilikuwa nawaza mguu wa mume wangu. Sikudhani aliutoa mkono wake mkononi mwangu, akaipapasa ile sindano kwenye ukosi, mara mbili, tatu.

"Sifuri," akasema. "Basi mama kakata tamaa."

Akachuchumaa pale pale kwenye kivuli chake kidogo. Nikachuchumaa naye. Hatukulia. Nilipoona amepumua, nikamwuliza lililonikaa kooni: "Ungekuwa wewe ndiye unayesoma, ukafika pale kwenye sifuri, ungefanyaje?"

Akanishangaa. "Ningefanyaje vipi? Ningeumia. Halafu ningeruka, niendelee na habari nyingine. Si kuna maneno mbele?"

Kulikuwa na maneno mbele. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu, kiganja kimoja tu kutoka kidole gumba cha Makungu: Mbuzi wako amezaa. Mtu yeyote mjini angeyaona. Watu mia sita wamesimama juani bila majina kwa sababu ndani ya Nyumba ile hakuna aliyeruhusiwa kuruka kiganja kimoja.

*

Bwana Ngoda alinijia mwenyewe, amevaa kanzu mpya, uso unang'aa.

"Shemeji, habari njema. Toleo jipya la Kanuni limepita. Sikiliza: Msomaji akikuta sifuri, atasimama na kutoa taarifa. Umeona? Swali lako la zamani limejibiwa."

"Mwambieni Makungu basi."

"Ah. Hapana." Akatabasamu kwa huruma. "Toleo jipya ni la atakayeanza. Aliyekwisha kuanza anasoma kwa toleo aliloanza nalo. Yeye atazimwa, kisha atawashwa, aanze upya."

Nilijua kuzimwa ni nini. Uani kwetu alikaa mzee Pazi, Msomaji wa zamani aliyewahi kuvutwa kwa nguvu kutoka katikati ya barua. Wanawe humlisha uji kwa kijiko, naye kila akimeza huwauliza kwa upole, "Ninyi ni wa nani?"

"Akiwashwa, atanikumbuka?" nikauliza.

Bwana Ngoda alifikiri kwa dhati, hilo namkubalia. "Atakumbuka Kanuni," akasema.

Sikumtukana. Matusi yalinijaa mdomoni hadi meno yakauma, lakini nikayameza, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kimenijia ambacho kilihitaji mdomo mkavu. "Lini?" nikamwuliza.

"Mafundi wanakunja mikono ya mashati," akasema, akaenda zake.

Nilikuwa na haki moja tu katika Nyumba ile. Kumgusa Msomaji aliye katikati ya barua ni kosa la kufungwa, na hakuna asiyelijua: mlinzi, Mkuu, hata nzi, nadhani. Lakini mkono wa mfungaji hauzuiwi kugusa barua. Na barua ndiyo inayomwambia mguu.

Ningependa kuikwangua ile sifuri. Sikuweza: wafungaji hatupewi kisu wala kifutio, tunapewa kalamu ya kurudishia herufi zilizochujuka. Naweza kuongeza, siwezi kuondoa. Basi niongeze nini? Moja mbele ya sifuri, ziwe kumi, azipite habari za mbuzi, aangukie sehemu nyingine, na nyingine, amalize, agonge kisigino na kuanza kifurushi kinachofuata? Halafu kesho mama mwingine akate tamaa?

La. Nilitaka atoke. Nyumba za wafanyakazi zimejengwa mstari mmoja na ile meza, mbele ya mlango wa magharibi, ili Msomaji asipoteze mwendo wake hata akirudi kulala. Yetu ni ya mwisho. Kutoka kidole gumba chake hadi kizingiti chetu ni hatua mia sita na kumi na tatu. Nazijua. Za mezani nilizihesabu kwa macho; za njiani, kwa miaka kumi na moja nilimsikia akizihesabu kwa sauti ya chini, kila alasiri, akija kula.

Mia sita na kumi na tatu haiishii kwa sifuri. Nilikuwa na mia sita na kumi, au mia sita na ishirini, na hiyo ya pili ingempitisha ukutani. Nikainama mezani, karibu na mkono wake. Alinuka wino na njaa. Hakunitazama. "Habari za baba yako," akasema juu ya nywele zangu, na pumzi yake ikanigusa, na wakati alipokuwa anainakili nikaandika sita, nikaandika moja, mbele ya sifuri ya mama yule.

Makungu akatazama tarakimu. Akainua mguu wa kulia.

*

Hakuna aliyethubutu kumgusa. Niliwategemea kwa hilo na hawakuniangusha. Mafundi walikuwa wamefika na mikono yao iliyokunjwa, wakajibanza ukutani kumpisha. Bwana Ngoda alipaza sauti, "Barua imekwisha! Makungu, barua imekwisha!" Lakini Kanuni haisemi Msomaji asimame barua inapokwisha. Inasema apige hatua alizoambiwa. Hata hilo hawakuliandika, wapumbavu wakubwa.

Na kwa kuwa alikuwa bado ndani ya sehemu ile ile, chini ya kichwa kile kile cha habari, alisoma kila kilichokuwa mbele ya macho yake. Utepe ulipoisha akasoma mbao za meza. Meza ilipoisha akasoma rafu za nyuma ya mlango, zile ambazo mimi kila siku huzipa kisogo nikifunga mafundo. Sauti yake ilikuwa ya ukumbini, ya kuwafikia makarani wote, na mlango ulikuwa wazi, na nje walisimama watu mia sita. "Vifurushi vilivyozuiwa," akasoma. "Rafu ya kwanza. Kutoka kwa Kilua, mfua chuma, kwenda kwa mkewe na binti yake Sikudhani. Kimoja, cha mwaka wa kwanza. Viwili, vya mwaka wa pili. Vitatu, vya mwaka wa tatu. Sababu ya kuzuiwa: anauliza maswali."

Nilimsikia Sikudhani kabla sijamwona. Hakupiga ukelele. Alisema, "Baba," kama mtu aliyeitwa akaitika. Kisha akaingia mlangoni, akampita Bwana Ngoda, akaanza kuvishusha vifurushi kutoka rafuni akivipakata, na nyuma yake wakaingia wengine, maana Makungu alikuwa amefika rafu ya pili na majina yalikuwa yanarudi kwa wenyewe.

"Siri imevuja," nikamwambia Bwana Ngoda. "Chukua Jedwali lako ujumlishe tena."

Sikungoja jibu. Nikatoka mbio kumtangulia mume wangu. Alikwenda polepole, miguu imevimba, akisoma kuta za nyumba za wenzetu, akisoma kanga zilizoanikwa, akisoma nyuso. Watoto walimfuata kisha wakaachana naye. Nikafika kwetu, nikafungua mlango, nikasimama juu ya kizingiti. Nilikuwa na hasira bado. Nilikuwa na furaha pia, na sikujua kuzitenganisha.

Mia sita na nane. Mia sita na tisa. Mia sita na kumi.

Akasimama. Hatua tatu. Ningeweza kuziendea mimi. Hatua tatu ni nini? Lakini nilikuwa nimemwendea vya kutosha. Nilitaka aje. Nilitaka hatua tatu ambazo hakuna aliyemwambia, tatu tu katika maisha yetu, nami ningesamehe mguu, ningesamehe vigelegele, ningesamehe vyote.

Macho yake yakatua usoni kwangu, yakatafuta tarakimu. Nikaona kwamba ananijua. Hawakuwahi kumzima; alikuwa Makungu mzima, na alinijua, na alinipenda, naliona hilo kama ninavyoiona mikono yangu hii. Midomo iliyopasuka ikafunguka.

"Zamoyoni," akasema. "Ngapi?"

Sikumpa namba. Nikaishika miimo ya mlango. Nyuma yake, kwa mbali, watu walikuwa wanapiga kelele, wengine kwa kilio, wengine kwa kicheko, na jua halikusogea. Mguu wake wa kulia ulitetemeka, ukatulia. Machozi yakamtoka. Alikuwa anataka kuja. Alikuwa anataka kuliko mimi.

"Ngapi, mke wangu?"

"Njoo tu," nikamwambia. "Makungu, njoo."

Akanitazama kwa uchungu, kama mtu anayesemeshwa lugha ambayo hakufundishwa. Damu ilikuwa inamtiririka kidevuni. Angeanguka pale pale, mbele ya nyumba yake, akiningoja niseme.

"Tatu," nikasema.

Akaja. Moja, mbili, tatu, sawasawa, akafika kifuani kwangu. Nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote. Akabaki amesimama hivyo, kichwa begani kwangu, na mikono yake ikining'inia, kwa sababu mikono sikuwa nimeitaja.